Sare Nyekundu, Nyumba ya Buluu

Jumatatu, 7 Septemba

Mchele tena. Nachambua tangu asubuhi, macho yananiuma. Mama anasema mchele wa harusi ukikutwa na jiwe moja, jiwe hilo litatajwa mpaka wajukuu waolewe.

Dada Raya anaolewa Alhamisi ya tarehe 24. Uchaguzi ni Jumapili ya tarehe 27. Harusi ilitangulia kupangwa, uchaguzi ndio uliotufuata. Mume ni Hamdani, anayetembeza watalii msitu wa Jozani. Shida si Hamdani. Shida ni kwamba Baba ni katibu wa tawi la chama cha Nanga hapa Mkunazini, na babake Hamdani, Mzee Vuai, ni mtu wa Karafuu, tena wa kukaa jukwaani. Walipokuja kuposa walizungumza habari ya mvua tu. Mvua, mvua, mpaka kahawa ikaisha.

Na mimi nina langu. Nimemaliza skuli, nimetimiza miaka kumi na minane, napiga kura kwa mara ya kwanza. Baba anadhani anajua nitampa nani. Hajaniuliza. Mimi sijui. Nataka nijue mwenyewe: vyama hivi viwili vinatofautiana kitu gani hasa, mpaka watu wa mlango kwa mlango wasiamkiane? Nitasoma ilani zote mbili. Ya Nanga ipo mezani kwa Baba. Ya Karafuu kaniletea Hamdani ndani ya mfuko wa ndizi. Nimeiweka chini ya godoro.

Jumatano, 9 Septemba

Darajani na Shangazi Rukia, kununua sare za kinamama wa shughuli. Shangazi ni dada yake Baba, na harusi yote iko mikononi mwake.

Maduka yamejaa rangi mbili. Buluu ya Nanga, nyekundu ya Karafuu. Wenye maduka wameagiza kwa ajili ya kampeni. Waridi hakuna. Kijani kipo, kipande cha kutosha dirisha tu. Buluu washaimaliza kinamama wa chama. Ikabaki nyekundu ya maua ya dhahabu, ya kuwatosha wote. Shangazi akaifinya ngumini, akaiachia kuona kama inajikunja. Haikujikunja. Akasema nyekundu ni rangi ya bibi harusi tangu enzi za bibi yake, akachukua majora yote.

Niliona. Palepale dukani niliona. Shangazi mwenyewe ana kadi ya Nanga, ila husahau. Huenda mikutano ya vyama vyote viwili kwa ajili ya taarabu, kwa sababu kikundi ni kilekile, hubadilisha shati tu. Nilitaka kumwambia. Mwenye duka alikuwa ananitazama. Nikabeba jora langu kwapani, nikamfuata.

Ijumaa, 11 Septemba

Nimesoma zote mbili, penseli mkononi.

Maji: wote watayaleta. Kazi kwa vijana: wote. Hospitali, barabara, bei ya unga: wote. Nanga inasema "kwa kasi". Karafuu inasema "kwa haki". Kuna sentensi ya wakulima wa mwani ni ileile, neno kwa neno. Nikadhani nimechanganya vitabu.

Nilivunjika moyo. Halafu nikaipata. Ardhi ya pwani. Nanga: mwekezaji apewe nafasi, ataleta kazi. Karafuu: kiwanja cha pwani kisiguswe mpaka mwenyeji aridhie.

Hii ni tofauti. Tena namjua mtu aliyeishi ndani yake. Mzee Vuai alikuwa na kiwanja na kibanda cha chai Paje, mkewe akilima mwani mbele ya kibanda. Siku moja akaambiwa pale pana hoteli. Aliyelipitisha jambo hilo ni Mheshimiwa wetu, mkubwa wa Nanga, yule anayemwita Baba "mwanangu" ingawa hawapishani sana umri. Mzee Vuai akahamia fleti ya kakake, Michenzani. Tangu hapo ni Karafuu.

Basi ninayo moja. Nitalala vizuri leo.

Jumapili, 13 Septemba

Mkutano wa Nanga. Baba alitaka twende sote. Raya alibaki, anasuguliwa singo ya bibi harusi.

Mheshimiwa alisema kwa muda mrefu. Ana sauti nzuri, siwezi kukataa. Alipofika mwisho akaishusha, kama mtu anayesema siri: "Wenzetu wale hawana nia njema na kisiwa hiki. Mkiwapa, watauza hata mchanga." Uwanja mzima ukainuka. Baba pia. Nilimwona, yuko pembeni ya jukwaa na shati lake la buluu lililopigwa pasi na Mama, uso unamng'aa kama wa mtoto wa Idi.

Nikakumbuka Paje. Mchanga aliuuza nani? Nikajionea haya kuliwaza hilo huku Baba anafurahi.

Jumanne, 15 Septemba

Siku mbaya.

Kinamama walikuja kupima sare zao. Ukumbi wote mwekundu, ngazi nyekundu, hata mlangoni wamesimama wekundu wanacheka. Shangazi anazunguka na pini mdomoni. Baba akaingia na vijana watatu wa maskani ya Nanga, kijiwe cha chama, waliokuja kuchukua bendera.

Akasimama. Wale vijana nao. Kicheko kikakatika.

"Nani kaniletea Karafuu ndani?" Hakupaza sauti. Ndilo lililonitisha.

Shangazi akatoa pini mdomoni. "Karafuu ipi, kaka? Hizi sare za harusi. Na mimi si Nanga mwenzio?"

Baba hakumwangalia. Anaamini zimeletwa na kina Vuai makusudi, wamwaibishe. Kijana mmoja alikuwa ashapiga picha. Kabla ya magharibi ilikuwa imefika kwenye simu za mtaa mzima, na maneno chini yake: Katibu wa Nanga kafungua tawi la Karafuu sebuleni kwake.

Ningesema siku ile dukani. Neno moja tu.

Jumatano, 16 Septemba

Mheshimiwa amemwita Baba. Amerudi, hajala. Ametuita sote ukumbini.

Haozeshi. Si kabla ya uchaguzi. Baada ya uchaguzi ataona. Mheshimiwa amemwambia mtu hawezi kulinda kura za chama mchana na kuwapa mahasimu binti yake alasiri.

Baba ndiye walii. Asiposema yeye, hakuna ndoa. Raya hakulia. Aliinuka, akafunga mlango wa chumba chetu kwa ndani. Nimelala kwa Mama.

Jibu la Mzee Vuai limekuja kwa mdomo wa Hamdani, aliyekuja mpaka kona ya duka la mkate asiingie kwetu. Mzee kasema Alhamisi ni Alhamisi. Ikipita, posa imekufa. Mwanawe si gunia la bandarini la kusubiri zamu. Hamdani alinieleza mimi nimwambie Raya. Nikamwambia nimesikia.

Ijumaa, 18 Septemba

Nimefanya kosa.

Nilichukua ilani zote mbili, nikamwendea Baba dukani kwake, anakouza spea za vespa. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nikamwonyesha mistari yangu. Maji haya, maji haya. Kazi hii, kazi hii. Sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka akaniambia nirudie. Nikarudia. Nikasema: Baba, kama yaandikwayo ni haya haya, Raya anazuiwa kwa nini?

Alinisikiliza mpaka mwisho. Sijawahi kusikilizwa hivyo. Kisha akasema:

"Chama si karatasi, Asya. Alipokufa babu yako mimi nilikuwa mdogo kuliko wewe. Wakati ule watu walikuwa hawazikani. Jirani yetu wa ukuta mmoja, wa Karafuu, alipita na jeneza liko mlangoni, akapinda kona. Waliombeba babu ni watu wa Nanga. Wewe unanionyesha mabomba."

Nilikuwa sijui. Hajawahi kulisema.

Halafu akaigeuza ile ya pili, akauliza nimeitoa wapi. Sikuweza kusema uongo. Nikasema Hamdani.

Akakunja uso. Sasa anaamini wanatupindua mmoja mmoja, kwanza Raya, kisha sare, kisha mimi. Nimekwenda kuzima moto kwa mafuta ya taa.

Jumamosi, 19 Septemba

Shangazi amejaribu kupaka sare moja rangi ya buluu kwenye ndoo. Imetoka rangi ya ini. Ameitundika uani, ameiangalia, amekaa chini kwenye kibao cha mbuzi na kulia. Nimekaa naye. Akasema, "Mwanangu, mimi nilitaka kitambaa kisichojikunja." Tukacheka kidogo. Kisha akalia tena.

Mama hasemi na Baba. Anampakulia, anaondoka.

Raya anakula kidogo. Kaniuliza kama mtu anaweza kuozeshwa na kadhi babake akiwa hai na yuko mjini. Nikamwambia sijui. Akasema na yeye hataki kujua.

Jumatatu, 21 Septemba

Naandika polepole.

Mheshimiwa amehama.

Jana jioni, mkutano wa Karafuu. Cheo alichoahidiwa Nanga kapewa mwingine, ndivyo wanavyosema watu. Nimeiona kwenye simu ya Shangazi, aliyekuwepo kwa taarabu yake. Mheshimiwa anapanda jukwaani na shati la buluu. Anatoa kadi, anaikabidhi. Anavua shati, ndani ana fulana nyeupe, anavishwa jekundu. Watu wanapiga vigelegele. Anashika kipaza sauti, anasema kwa muda mrefu, anashusha sauti: "Wenzetu wale hawana nia njema na kisiwa hiki. Mkiwapa, watauza hata mchanga."

Nimeirudia mara kadhaa. Ni yaleyale. Hata pale anapovuta pumzi.

Na kuna kitu kingine. Mzee Vuai amekaa mstari wa mbele jukwaani. Mheshimiwa anapita anapeana mikono. Anapomkaribia, Mzee Vuai anainuka, anashuka ngazi, anatoka nje ya picha. Hakuna aliyemzuia.

Tofauti yangu moja, niliyoipigia mstari kwa penseli. Ukurasa ni uleule, sasa ameukalia yule aliyeuvunja.

Baba hakufungua duka leo.

Jumanne, 22 Septemba

Vijana wa maskani walikuja asubuhi na maagizo mapya, nani aitwe msaliti na nani asiitwe. Baba aliwasikiliza mlangoni. Akawauliza: "Aliyenikataza kuozesha yuko wapi leo?" Wakatazamana. Mmoja akasema, "Lakini agizo lilikuwa la chama, Katibu." Baba akawaambia waende salama.

Baada ya alasiri akaniita. "Asya, vaa buibui twende."

Mimi. Si Mama, si Shangazi. Hakusema wapi. Tulitoka Mkunazini, tukavuka Darajani, tukaingia Michenzani, na nilipoona fleti zile ndefu nikajua. Watu walimtambua. Mwingine akamwita, yakhe, leo umepotea njia? Hakugeuka.

Mzee Vuai alikuwa barazani chini ya fleti, peke yake. Wenzake wa Karafuu walikuwa kwenye baraza ya pili, wanatutazama. Nikampa shikamoo. Marahaba, akanisogezea mkeka. Baba alibaki amesimama.

Mzee Vuai akamwuliza, "Umekuja na bendera?"

"Nimekuja na mtoto."

Gari la matangazo likapita mbali. Mzee Vuai akasema, bila ya kumtazama Baba, "Yule mtu kanichukulia kiwanja. Sasa kanifuata mpaka kwenye kiti changu. Ati nisogee, akae."

Baba akakaa. Akasema yeye atakufa yumo Nanga, asidanganywe mtu. Mzee Vuai akasema na yeye Karafuu haihami, yeye si shati. Wakaanza kubishana hapo hapo, kweli kweli, nani alianza, nani alizuia maiti ya nani. Nikajua leo ndio basi. Mzee Vuai akasema na wao waliwahi kuzika peke yao, mama yake, watu wa Nanga wamefunga madirisha. Hapo Baba akaacha kubishana.

Kahawa ikaletwa. Wakanywa.

"Alhamisi, alasiri?" akauliza Baba.

"Alasiri."

"Na zile sare zitavaliwa. Nshachoka."

Mzee Vuai akasema ni nguo nzuri, ameiona kwenye simu.

Hawakukubaliana jambo lolote jingine. Njiani Baba akanunua mkate wa ufuta, akanipa niubebe.

Jumatano, 23 Septemba

Neno limekuja kutoka ofisi ya tawi: akiozesha kesho, akabidhi ufunguo. Baba amevaa shati jeupe, amekwenda, ameukabidhi. Na mhuri. Amekuwa katibu pale tangu sijazaliwa.

Mama alimwuliza kama na kadi wameitaka. Akasema kadi hawakuitaka, na wangeitaka asingewapa, si yao.

Amekaa ukumbini muda mrefu, mikono magotini. Nampenda na nina hasira naye, yote kwa wakati mmoja. Bado naogopa. Aliyetoa ufunguo leo anaweza kesho kuamka amejuta. Raya kafungua mlango wa chumba lakini hajatoa nguo za harusi sandukuni.

Alhamisi, 24 Septemba

Niandike kabla sijasahau.

Raya kitandani, amefunikwa mtandio, mimi pembeni namshika mkono. Mkono wa baridi, hina haijakoza sawasawa kwa sababu alipakwa kwa haraka. Kinamama wamejaa mpaka ngazini, wekundu wote, kimya. Baba akaja mlangoni na mashahidi wawili kuomba idhini. Desturi ni mara tatu. Ya kwanza na ya pili bibi harusi hunyamaza, ya tatu hujibu.

"Raya, nikuozeshe Hamdani bin Vuai?"

Kimya.

"Raya binti yangu, nikuozeshe Hamdani bin Vuai?"

Kimya.

Ya tatu haikuja.

Kwenye uchochoro, chini ya dirisha, kulikuwa na pikipiki yenye spika. Wimbo wa Nanga. Walisimama palepale, injini inawaka, hawaendi. Jina la Baba halikutajwa. Halikuhitaji kutajwa. Nikamwona Shangazi amefumba macho. Mkono wa Raya ukanibana mpaka pete ikaniumiza. Baba alikuwa anatazama sakafu, na wimbo ule ni yeye aliyetufundisha tukiwa wadogo, mimi na Raya, tukimsubiri mgongoni kwa vespa.

Hakuwaambia waondoke. Hakusogea. Alisubiri. Wimbo ukaisha, ukaanza upya, akasubiri na huo. Mwisho pikipiki ikaondoka.

Akainua uso. "Raya, mwanangu. Nikuozeshe Hamdani bin Vuai?"

"Naam, Baba. Niozeshe."

Vigelegele. Mimi sikupiga, Raya alikuwa bado kanishika mkono. Wanaume wakaenda msikitini. Wanasema Baba alimshika Hamdani mkono akasema maneno yote bila ya kukwama, na Mzee Vuai alikuwa mstari wa mbele, kanzu nyeupe, bila ya shati jekundu ndani. Wanasema pia watu wengi wa Nanga hawakuja. Waliokuja wa Karafuu nao si wengi. Chakula kimebaki.

Jumapili, 27 Septemba

Nimepiga kura. Foleni ndefu, jua kali. Baba alikuwa mstari wa wanaume, mbele yangu. Alipotoka alinipita, akaniwekea mkono kichwani kidogo, akaenda. Hakuuliza.

Kibandani nilisimama mpaka msimamizi akakohoa. Karatasi ni zaidi ya moja. Sikuzipa zote chama kimoja. Udiwani nimempa yule Bi wa Nanga aliyesimama nasi na ndoo wiki nzima bomba la mtaa lilipopasuka. Uwakilishi nimewapa Karafuu, kwa ule ukurasa wa pwani, nikimkasirikia aliyeukalia. Huenda nimekosea yote mawili. Bado sijui vinatofautiana kiasi gani. Ilani sikuikumbuka neno, ila hiyo ardhi.

Nilipotoka miguu ilikuwa myepesi. Sikutarajia.

Jumatatu, 28 Septemba

Raya yuko fungate, hatoki nje. Chakula chake kinatoka kwetu, mimi ndiye nipelekaye. Leo supu ya kuku na mikate ya kusukuma, chungu kimefungwa kitambaa.

Matokeo yalikuwa yanasomwa redioni nilipokuwa njiani. Uchochoro mmoja watu wanaruka, unaofuata wamekaa wanatazama miguu yao, kisha unaofuata wanaruka tena. Sikusimama. Nilibana chungu kifuani nisimwage.

Mzee Vuai alikuwa barazani, redio yake imezimwa. Shikamoo. Marahaba. Akauliza babangu kaamkaje. Nikasema mzima, kafungua duka. Akaniambia nimwambie kahawa ipo.

Juu, Raya kaketi kitandani, hina sasa imekoza. Amenenepa uso au ni furaha. Akafungua chungu, akavuta harufu, akasema Mama kaongeza pilipili manga. Halafu akauliza nani kashinda.

Nikamwambia bado wanasoma. Ale kwanza, supu inapoa.